Ndinga kali, tairi kipara

USIKU wa kuamkia Julai 3, 2025, Diogo Jota alikuwa barabarani kaskazini magharibi mwa Hispania na mdogo wake, André Silva. Staa huyo wa Liverpool alikuwa amefunga ndoa siku 11 tu kabla. Msimu ulikuwa umemwachia ubingwa wa England na Ligi ya Mataifa ya Ulaya akiwa na Ureno. Safari ilikuwa ya kwenda Santander, akapande meli ya kumrudisha Uingereza, kwa kuwa alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji na madaktari walimshauri asipande ndege.

Hawakufika. Lamborghini waliyokuwa nayo iliacha njia kwenye barabara kuu ya A-52, mkoani Zamora, ikawaka moto. Taarifa ya kwanza ya polisi wa Hispania ilisema tairi lilipasuka gari likiwa linalipita jingine. Uchunguzi wa awali uliofuata ukaongeza kuwa huenda na mwendo ulikuwa mkubwa kupita kiasi.

Wapenzi wa sinema za Fast & Furious nao wana kumbukumbu yao. Novemba 30, 2013 huko California, Paul Walker alikufa ndani ya Porsche Carrera GT iliyokuwa ikiendeshwa na rafiki yake. Wachunguzi walisema chanzo ni mwendo, kati ya kilomita 130 na 150 kwa saa katika eneo lisiloruhusu hata 80. Lakini ndani ya ripoti hiyo kulikuwa na jambo ambalo wengi walilipita haraka: matairi ya gari hilo yalikuwa na umri wa miaka tisa. Gari lenye nguvu ya farasi zaidi ya 600, limesimama juu ya mpira uliozeeka.

Huku kwetu Lamborghini ni za kuhesabu. Ndinga za vijana ni Subaru Impreza, Toyota Altezza, Mark X, na Golf GTI kwa wenye nazo. Ndizo zinazopamba maegesho siku ya dabi, na ndizo zinazoondoka Dar es Salaam alfajiri kuifuata timu Dodoma au Mbeya. Mwenye nayo atatoa hela ya rimu mpya, ya ekzosi yenye mngurumo, ya spika za kutikisa mtaa. Ikifika zamu ya matairi, anakwenda kutafuta mtumba wa bei chee. Ni sawa na klabu inayomwaga mamilioni kwa straika, halafu inamnunulia njumu zilizokwisha meno.

Ukweli wenyewe ni huu: kila tairi linagusa lami kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mkono. Viganja vinne. Breki zote, kona zote na injini yote vinapita hapo.

KUSOMA UBAVU WA TAIRI

Chukua tairi lililoandikwa 215/45R17 87W. Hiyo 215 ni upana wake kwa milimita. 45 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 45 ya upana huo. R ni aina ya ufumaji wa nyuzi za ndani, na 17 ni inchi za rimu. Mpaka hapo mafundi wengi wa tairi wanakwenda sawa. Wanapokosea, au wanapokukosesha makusudi, ni hapo kwenye 87W. 87 maana yake tairi linabeba kilo 545. W ni kasi ya juu linayohimili, kilomita 270 kwa saa. H ni 210, V ni 240, T ni 190.

Atakayesema "mimi sitembei 270" yuko sahihi, ila herufi hiyo haihusu kasi pekee. Tairi lililoundwa kwa kasi kubwa limejengwa kuvumilia joto, na joto ndilo linaloua matairi kwenye barabara ndefu yenye jua la saa nane mchana. Kama gari lilitoka kiwandani na W, kulifunga T kwa sababu rimu imekubali ni kulishusha daraja.

Halafu umri. Tafuta ubavuni herufi DOT, ufuate mstari wake mpaka tarakimu nne za mwisho. Ukikuta 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lina haki ya kung'aa, lina haki ya kuwa na meno yote, lakini mpira huzeeka hata likiwa limetundikwa dukani. Baadhi ya watengenezaji wa magari wanataka tairi libadilishwe likifika miaka sita. Kampuni kubwa za matairi, Michelin mojawapo, zinasema likifika mitano likaguliwe kila mwaka, na likifika kumi liondolewe hata kama linaonekana zima. Muuzaji anayekataa usisome tarakimu hizo, mwache na mzigo wake.

Kuna mtego mwingine kwenye mitumba kutoka Japani. Kule wana baridi ya theluji, na kuna matairi yake maalumu yenye mpira laini. Mengi huandikwa STUDLESS ubavuni, au huwa na mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji. Ukiyagusa ni laini kama mkate, na muuzaji atakuambia huo ndio ushikaji wenyewe. Kwenye lami ya Dar, mpira huo unalainika zaidi, gari linayumba kwenye kona na meno yanalika haraka. Kwa gari la kasi, hilo si tairi la kufikiria hata mara moja.

Wenye Subaru wana kesi yao ya pekee. Gari linalosukuma kwa magurudumu yote manne linataka matairi manne yanayofanana: saizi, aina, na hata kiwango cha kulika. Ukifunga mawili mapya mbele na nyuma ukaacha yaliyokwisha, yatazunguka kwa hesabu tofauti, na difu ya kati itafanya kazi muda wote kufidia tofauti hiyo mpaka iungue. Hapo akiba ya matairi mawili inazaa bili ya gia boksi. Kwa Altezza na Mark X za kusukuma nyuma unaweza kubadili mawili mawili, ila yaliyo bora yakae nyuma. Mbele likiteleza utahisi kwenye usukani. Nyuma likiteleza, gari limeshageuka.

Kwa wanaotaka rimu kubwa, hakuna ubaya, mradi kimo cha gurudumu zima kisibadilike. Anayetoka 215/45R17 akaenda 215/40R18 anapishana kwa milimita zisizozidi nne, na spidomita haitamdanganya. Tatizo ni mashimo. Ubavu umekuwa mwembamba, na shimo moja linaweza kupinda rimu na kukata nyuzi za ndani. Ubavu ukitoa uvimbe kama jipu, tairi hilo limekwisha. Haliponi kwa fundi yeyote.

UPEPO

Sheria ya 2 ya soka inataka mpira uwe na upepo kati ya 0.6 na 1.1 kwa kipimo cha atimosfia, na refa anahakikisha kabla ya mechi. Mpira wa kuchezewa dakika 90 unapimwa. Matairi ya gari linalobeba watu watano kwa zaidi ya kilomita 400 yanapigwa teke, basi, imetosha.

Kwenye gari la michezo teke halisemi kitu. Ubavu ni mfupi na mgumu, tairi linaweza kupungukiwa psi 8 likaonekana limesimama vizuri tu. Kumbe ndani ubavu unajikunja kila mzunguko, joto linapanda, matabaka yanaachiana, kisha paa! Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Namba kubwa iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, watu wengi huichanganya. Pima asubuhi gari likiwa limepoa. Na wale wanaosimama njiani kutoa upepo kwa kuwa "tairi limepata joto", wanajichimbia shimo: upepo kupanda kidogo safarini ni kawaida, ukiutoa, likipoa litabaki na upungufu.

Meno yana alama za kimo cha milimita 1.6 ndani ya mifereji. Yakifika usawa huo, tairi limekwisha. Lakini wakati wa masika usingoje huko. Chini ya milimita 3 mifereji haimudu tena kutoa maji, na gari linaanza kuelea. Ukiona upande wa ndani tu ndio unaolika, ugonjwa mwingi wa magari yaliyoshushwa, tairi jipya halitasaidia kabla ya kupima alaimenti.

Pancha ya katikati, kwenye meno, inazibika, na kiraka cha kuwekwa kwa ndani ni bora kuliko ile kamba ya kuchomekwa kwa nje. Kamba ikufikishe nyumbani, si Mbeya. Pancha ya ubavuni haizibwi.

Liko na lile tairi jembamba kwenye buti, ambalo wengi wanaliona siku ya kuharibikiwa. Mara nyingi limeandikwa mwisho kilomita 80 kwa saa, na linataka psi 60, karibu mara mbili ya mengine. Ukilifungua leo, yawezekana lina 20.