Shamba Lililonywewa

Ukiingia Kiserian, Kaunti ya Kajiado, kwa barabara ya Magadi kutoka Ongata Rongai, mabango ya kuuza ploti na mabango ya baa yanagombea nafasi moja. Biashara hizo mbili zinajuana. Biashara ya kwanza imeilisha ya pili kwa miaka mingi.

Utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ulionyesha kuwa asilimia 12.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 15 hadi 65 wanatumia pombe, yaani takriban mmoja kati ya kila wanane. Hesabu hiyo ni ya wanywaji. Kajiado inafaa kuulizwa swali jingine: pesa ya pombe inatoka wapi?

Wamaasai walikuwa na pombe yao ya asali, enaisho. Wazee ndio walioinywa, kwenye sherehe na vikao vya upatanisho. Moran, kijana mpiganaji, hakuruhusiwa kuigusa. Hata mzee mwenye kiu kali alibanwa na uhaba wa asali. Na akitaka fedha aliuza ng'ombe mmoja, akabaki na wengine.

Kisha zikaja hatimiliki. Ranchi za pamoja zilizoundwa chini ya sheria ya 1968 zilianza kugawanywa, na hati nyingi zikaandikwa jina la baba pekee. Nairobi nayo ikafurika: sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 Kajiado, ile ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Broka akafika bomani na fedha taslimu. Wapo waliojenga nyumba za kupangisha na kusomesha watoto hadi chuo kikuu. Wapo pia waliouza ekari baada ya ekari hadi wakawa mabawabu kwenye lango la shamba lililokuwa lao. Ardhi si ng'ombe, haizai ndama.

Kibarua wa mjengo na mwendeshaji bodaboda, ambao hawana ekari ya kunywa, hunywa ujira wa siku. Hao bei huwaamulia. Bia ya keg ilipoletwa mwaka 2004 kwa msamaha wa ushuru, ilikusudiwa kuwatoa kwenye chang'aa. Mwaka 2013 serikali ikaupunguza msamaha huo, bei ikapanda, mauzo yakaporomoka. Mei mwaka uliofuata, pombe yenye methanoli ikaua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwemo.

Serikali hupenda kupigana na ulevi kwa saa na msako. Sheria ya kudhibiti pombe ya 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho, iliruhusu baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi. Machi 2024, baada ya pombe kuua watu Kirinyaga, zikaja hatua nyingine za wizara ya usalama wa ndani. Mwaka 2025 sera mpya ikapendekeza umri wa kunywa upande kutoka 18 hadi 21. Sawa, lakini mzee wa miaka 55 mwenye hati mkononi sera hiyo haimgusi.

Kinachomgusa ni Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, inayokataza mali ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mke au mume. Sijui kama waliotunga sheria hiyo waliwahi kufikiria chupa, ila kwa Kajiado naihesabu kuwa sheria ya pombe zaidi ya ile ya Mututho. Hata tarehe ya malipo inaweza kuilinda pesa ya ardhi: upande wa Kitengela kulianzishwa mwaka 2000 mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kila mwaka wasiuze wala kuweka ua, wanyama wa mbuga ya Nairobi wapate njia. Malipo yaligawanywa mara tatu, yaangukie msimu wa karo. Aliyepanga tarehe hizo aliwajua wanaume vizuri.

Sheria hiyo ya mali ya ndoa ina matundu. Sahihi hughushiwa, na bodi ya ardhi inayoidhinisha mauzo inaweza kuletewa mke ambaye si mke. Afisa anayevizia baa saa kumi alasiri angefaa zaidi akiketi siku moja kwenye bodi hiyo, aulize kitambulisho cha mama aliyekaa kimya kando ya muuzaji.