Nani Anaruhusiwa Kufungua Faili Yako ya Hospitali?

Leo tunaangalia siri zako zilizomo ndani ya kompyuta ya hospitali.

Zamani faili yako ilifungiwa kabatini. Siku hizi hospitali nyingi nchini huandika habari za mgonjwa kwenye kompyuta. Kwa hiyo watu huuliza: "Nikipimwa virusi vya Ukimwi, si kila mfanyakazi ataona majibu yangu?" Hofu hiyo huwafanya wengine wakwepe kupimwa, au wachelewe kuanza dawa.

Msikilizaji, mfumo uliopangwa vizuri haumwonyeshi kila mtu kila kitu. Kwanza, kila mfanyakazi ana jina lake la kuingilia na neno lake la siri. Pili, kompyuta humfungulia yale tu yanayohusu kazi yake. Karani wa mapokezi huona jina lako, umri wako na siku ya kurudi. Mhudumu wa maabara huona kipimo kilichoagizwa na kuandika majibu. Mfamasia huona dawa ulizoandikiwa na zile zinazokudhuru. Daktari au muuguzi anayekutibu ndiye huona historia ya ugonjwa wako. Tena, ruhusa ya kusoma si ruhusa ya kubadilisha. Tatu, kompyuta huweka kumbukumbu ya nani alifungua faili, siku gani na saa ngapi.

Je, ukiletwa usiku ukiwa umezirai? Daktari wa zamu lazima ajue unatumia dawa gani. Mfumo mzuri humruhusu kufungua faili kwa dharura, lakini humtaka aeleze sababu, na jambo hilo hukaguliwa baadaye.

Nanyi wahudumu wa afya, kufuli haifai kitu ufunguo ukiachwa mlangoni. Msipeane maneno ya siri. Watano wakitumia neno moja, hatajulikana aliyetoa siri. Usiondoke ukaacha kompyuta wazi. Anayeacha kazi afungiwe siku hiyo hiyo.

Sheria nayo iko upande wako. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha yako. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza kutoa majibu yako bila idhini yako, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuona habari zako na kutaka makosa yasahihishwe.

Basi ukifika kliniki, uliza: "Ni nani wataona habari zangu?" Siri yako ikitolewa, mweleze msimamizi wa hospitali. Asipokusaidia, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Lakini usiache kupimwa, wala usimfiche daktari, kwani mficha maradhi kifo humuumbua.