Kutwa Mara Tatu

Hakuna agizo la hospitali linalojulikana Tanzania kuliko "kutwa mara tatu". Husemwa kwenye dirisha la dawa, hurudiwa wodini siku ya mgonjwa kuruhusiwa, na huandikwa kwa mkato juu ya bahasha: 1x3. Mgonjwa huitikia, hushukuru, huenda zake. Muuguzi aliyekaa wodini miaka mingi hajifariji kwamba kazi imeisha, maana ndiye anayempokea tena mgonjwa yuleyule akirudi na homa ileile.

Mtego uko kwenye neno la kwanza. Kutwa ni mchana, tangu jua lichomoze hadi lizame. Usiku una neno lake, kucha, na aliyelima kutwa hakulima usiku. Mgonjwa akimeza amoksilini saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 12 jioni, ametii agizo neno kwa neno. Lakini kutoka saa 12 jioni hadi saa 1 ya asubuhi inayofuata ni muda wa saa 13, na dawa hiyo huisha mwilini haraka. Ndiyo maana imepangwa kumezwa mara tatu kwa mwendo unaolingana, usiku ukihesabiwa. Mgonjwa hakukosea Kiswahili. Kiswahili chake ni sahihi kuliko cha bahasha.

Basi si aambiwe tu ameze kila saa nane? Hapo ndipo mtego wa pili, nao ni mkali kuliko wa kwanza. Saa nane kwa Mswahili ni wakati uliopo kwenye saa ya ukutani: saa nane mchana, watoto wanarudi kutoka shule, na saa nane usiku, mtaa umelala. Mama anayeambiwa "kila saa nane" anaweza kwa akili timamu kabisa kumpa mtoto dawa saa nane mchana, kisha akaamka kumpa tena saa nane usiku. Mara mbili, si tatu, na usingizi umekatika.

Walimu wa sarufi wamewakataza Waswahili kusema "masaa". Saa, wanasema, haibadiliki katika wingi: saa moja, saa nyingi. Wodini sheria hiyo haikai. Muuguzi husema "baada ya masaa manane", tena hulikazia lile "ma", kwa sababu silabi hiyo moja ndiyo inayotenganisha muda unaopita na wakati uliopo kwenye saa. Mwanafunzi wa uuguzi aliyefundishwa Kiswahili fasaha huja na "saa nane" yake, na siku chache za kwanza humtosha kugundua kwa nini wakubwa zake wanasema vile wanavyosema. Kosa la darasani limekuwa chombo cha kazi, na ni chombo kizuri.

Hata hivyo mzoefu haachi jambo kwenye hesabu. Anauliza siku ya mgonjwa inakwendaje. "Bibi, alfajiri unaamka mwenyewe?" Anaamka, adhana humkuta macho. Basi dozi ya kwanza ni saa 12 asubuhi, kabla ya kufagia uwanja. Ya pili ni saa 8 mchana. Ya tatu ni saa 4 usiku, taarifa ya habari ya saa 2 imeshapita na bibi anataka kupanda kitandani. Mapengo yote matatu ni ya saa 8, na hakuna aliyelazimika kukokotoa kitu.

Dawa ya mseto ya malaria ndiyo inayohitaji ufundi huu zaidi. Mtu mzima humeza vidonge 24 kwa siku tatu, vinne kila mara, dozi sita. Dozi ya pili hufuata masaa manane baada ya ya kwanza. Kuanzia hapo, siku ya pili na ya tatu, ni asubuhi na jioni. Aliyeanza saa 4 asubuhi amebahatika, kwa kuwa dozi yake ya pili inaangukia saa 12 jioni. Aliyeanza saa 10 jioni, baada ya kusubiri majibu ya kipimo tangu mchana, anatakiwa kumeza saa 6 usiku. Nani atamwamsha? Muuguzi huuliza swali hilo hasa, kwa maneno hayohayo, na hangoji kuitikiwa "ndiyo sista". Anangoja jina la mtu.

Juu ya bahasha kuna alama nyingine yenye vituko vyake. 2x3 maana yake ni vidonge viwili, mara tatu. Shuleni 2x3 na 3x2 ni kitu kimoja, sita, na mgonjwa aliyefaulu hesabu hana sababu ya kudhani tumboni ni tofauti. Wapo wanaomeza vitatu asubuhi na vitatu jioni. Wapo wanaoona sita ni sita, wakavimaliza kwa mkupuo ili wawahi kupona. Kwa parasetamoli za miligramu 500, sita kwa mkupuo ni gramu 3, wakati kiasi cha mtu mzima ni gramu 1 kwa mara moja, na kikomo ni gramu 4 kwa siku nzima ya saa 24. Kinachoumia ni ini, nalo halipigi kelele mapema. Kalamu ya muuguzi hukata ile 2x3 na kuchora pembeni jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, chini ya kila mchoro vidonge viwili vya duara. Asiyejua kusoma anaelewa, na anayejua kusoma naye anaelewa.

Kicheko cha wodini nacho hutoka humuhumu kwenye maneno. Asubuhi muuguzi hupita kitanda hadi kitanda akiuliza, "Umepata choo?" Mzee aliyelazwa jana hujibu kwa adabu kwamba amekipata, kiko mwisho wa korido mkono wa kushoto. Wodi nzima hucheka, mzee naye hucheka akishaelewa, na swali linaulizwa upya kwa heshima yake: "Babu, tumbo limefunguka?" Anayemeza vidonge vya kuongeza damu huelezwa jambo jingine mapema, kwamba choo chake kitakuwa cheusi na asiogope, na kwamba asivimeze kwa chai, maana chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini.

Lililo zito kuliko yote ni "usile". Mgonjwa wa upasuaji huambiwa asile tangu usiku, na asubuhi hukutwa amemaliza kikombe cha uji. Hakudanganya. Uji hauliwi, hunywewa. Chai nayo hunywewa, na andazi ni kitafunwa tu. Kwa wengi, kula ni ugali au wali. Lakini chini ya nusu kaputi, kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, na uji una hatari hiyo kama ulivyo ugali. Upasuaji huahirishwa, ndugu waliosafiri usiku hununa. Kwa hiyo wauguzi waliokwisha kuumizwa na neno hilo hulitupa kabisa wakasema: kuanzia saa utakayoambiwa, kisipite kitu mdomoni, si uji, si chai, si maziwa, na maji tutakwambia mwisho wake ni saa ngapi.

Baada ya maelezo yote, jaribio ni moja. Muuguzi haulizi "umeelewa?", kwa kuwa jibu la adabu kwa swali hilo ni ndiyo. Husema: "Hebu mama nieleze mimi, leo ukifika nyumbani unafanya nini?" Anayekwama huanza upya bila kukaripiwa. Huchukua dakika chache, na dakika hizo ni ghali kwa muuguzi mmoja aliyeachiwa wodi nzima zamu ya usiku.

Yapo ambayo jua na mwezi wa kuchora havitatui. Bahasha imeandikwa "baada ya kula", mara tatu, na mgonjwa anasema kwa sauti ya chini kwamba nyumbani wanakula mara moja, jioni. Muuguzi humshauri kipande cha muhogo au kikombe cha uji kwa zile dawa zinazochoma tumbo, na zisizohitaji chakula humwambia ameze bila kungoja. Kipande hicho cha muhogo kitatoka wapi, bahasha haisemi.

Anayepewa dawa leo asiondoke dirishani na "kutwa mara tatu" peke yake. Aulize saa ya kwanza ya kumeza, saa ya pili, saa ya tatu, na siku ya mwisho. Akishindwa kushika yote, ampe muuguzi bahasha na kalamu.