Akiba Haiozi: Maneno na Desturi za Kuweka Chakula

Methali yasema, "Akiba haiozi," nasi tumezoea kuitumia kumsifu mtu anayeweka kitu kwa ajili ya kesho. Walakini kila mama aliyepata kufungua kihenge miezi mitano baada ya mavuno ajua ya kuwa chakula kilichowekwa huoza, tena huoza upesi: hushikwa na ukungu, hubunguliwa na wadudu, huliwa na panya. Je, wazee walisema uongo? Sivyo. Methali hii si ahadi, bali ni agizo. Kitu kilichosazwa tu pasipo kutunzwa ni mabaki, hakijawa akiba. Maneno ya lugha yetu na desturi za watu wa nchi hizi yatuonyesha wazi kazi inayogeuza mabaki kuwa akiba.

Kwanza tuyatazame maneno. "Akiba" na "ghala" yametoka katika Kiarabu, lakini vyombo vingi vya kuwekea nafaka vina majina ya Kibantu. "Uchaga" ni jukwaa la miti lililoinuliwa, na mara nyingi hujengwa juu ya meko, ili moshi upite katikati ya masuke usiku na mchana. "Kilindo" ni chombo cha mviringo kilichofanyizwa kwa gome la mti. "Kihenge" ni kama kikapu kikubwa cha fito zilizosukwa, kikakandikwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, kikawekwa juu ya mawe au magogo, kikaezekwa nyasi. Ukikitazama vema utaona ya kuwa kila sehemu yake ni jibu kwa adui fulani: mawe ni jibu kwa mchwa na unyevu wa ardhi, udongo kwa fukusi, na paa kwa mvua. Wala neno hili halikufa pamoja na fito zake. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula nchini Tanzania, uliowekwa mwaka 2008, huhifadhi nafaka katika minara ya chuma, na minara hiyo nayo huitwa vihenge.

Pili, desturi. Kwa Wakikuyu, kila mke alikuwa na nyumba yake na ghala yake, iitwayo ikumbi; Wajaluo huita ghala dero. Aliyepika ndiye aliyejua kilichobaki, na kujua huko ndiko mwanzo wa kujitegemea. Watu wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne ni pishi moja. Kibaba kimoja kilihesabiwa kuwa posho ya mtu mzima kwa siku. Basi nyumba ya watu sita hula vibaba sita, yaani pishi moja na nusu, kila siku. Kwa mwezi mmoja ni pishi 45, na kwa miezi sita ni pishi 270, ambazo ni karibu na magunia saba ya kilo mia. Mwenye nyumba anayeuza mavuno yake pasipo kufanya hesabu hii, huenda akalazimika kuyanunua tena kwa bei kubwa kabla ya mvua kunyesha. Wala mbegu hazikuingizwa katika hesabu ya chakula: masuke yaliyo bora yalichaguliwa shambani, yakaning'inizwa juu ya moshi, wala hayakuguswa hata wakati wa njaa ila kwa machozi, maana alaye mbegu ameula na mwaka unaokuja.

Tatu, si kila chakula chavumilia kungoja. Ulezi ukikauka vema hukaa miaka mingi, kwa kuwa punje yake ni ndogo mno hata wadudu hawapati nafasi ndani yake. Wasukuma huhifadhi viazi vitamu kwa njia mbili, na kila njia ina jina lake: vikikatwa vibichi na kuanikwa huwa michembe, vikichemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa, huwa matobolwa. Muhogo nao hungoja ardhini pasipo ghala, na ukikatwa na kukaushwa huwa makopa. Lakini muhogo mchungu una sumu, nayo huondolewa kwa kuuloweka, kuuvundika na kuuanika kwa siku kadha wa kadha. Mwaka 1981, wakati wa ukame katika jimbo la Nampula, nchini Msumbiji, watu wenye njaa hawakuweza kuzingoja siku hizo, na zaidi ya watu elfu moja walipooza miguu. Ugonjwa huo huitwa konzo, neno la Wayaka wa Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Hapo twaona ya kuwa kujiweka tayari si kuwa na chakula tu, bali ni kuwa na wakati wa kukitengeneza.

Mahindi ndiyo yanayohitaji ulinzi kuliko nafaka nyingine. Asili yake ni bara la Amerika, na adui wake mkuu, dumuzi, ametoka huko huko: alitambuliwa magharibi mwa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaenea upesi, naye hutoboa hata makopa. Wazee walichanganya nafaka na majivu makavu. Dawa hii haikuwa ushirikina. Majivu huziba nafasi kati ya punje, tena hukwaruza ngozi ya mdudu hata akakauka. Kunde na mbegu nyingine walizitia katika kibuyu, wakaziba mdomo wake kwa udongo. Siku hizi kuna mifuko yenye tabaka mbili za plastiki ndani na moja ya nje iliyofumwa, nayo hufuata shauri lile lile la kibuyu: mdudu aliyefungiwa pasipo hewa hufa.

Lakini yuko adui asiyeonekana. Nafaka ikiwekwa kabla ya kukauka huota kuvu, na kuvu nyingine hutoa sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Kiswahili kimeiundia neno zuri, sumukuvu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Wachunguzi waliona ya kuwa hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wale walioweka mahindi ndani ya nyumba badala ya ghalani, na kwa wale walioyaweka yangali na unyevu. Watu hawa hawakuwa wavivu. Walilima, wakavuna, wakaweka. Kilichokosekana ni ukavu tu.

Mahindi ya kuwekwa yapasa yasiwe na unyevu kupita sehemu 13 na nusu katika kila sehemu 100. Asiye na chombo cha kupimia na atwae chupa kavu ya kioo, atie mahindi hata robo yake, aongeze vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyo kavu kabisa, aitikise kwa dakika moja, kisha aiache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayajakauka; na yarudishwe juani, juu ya mkeka au turubai, wala si juu ya udongo mtupu.

Wala tusidhani ya kuwa bidii ya nyumba moja yatosha kwa kila msiba. Wagogo walikuwa hodari wa kuweka nafaka, maana nchi yao ni ya mvua chache. Lakini katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wadachi, na baadaye ya Waingereza, yalichukua nafaka na ng'ombe wao, kisha mvua ikakosa. Njaa ya mwaka 1917 hata 1920 waliiita Mtunya, yaani kunyang'anyana, na maelfu wakafa. Jina lenyewe ni historia: hawakulaumu mbingu peke yake. Ghala yataka mlinzi dhidi ya fukusi. Yataka pia majirani na serikali wasioifungua kwa nguvu.

Basi tukisema, "Akiba haiozi," tukumbuke ya kuwa methali hii ina kazi ndani yake: kuanika, kupepeta, kupima, kuhesabu, kuinua juu ya ardhi, kuziba, na kufungua mara kwa mara ili kutazama. Anayefanya hayo ameifanya methali kuwa kweli nyumbani mwake. Na asiyeyafanya asiwalaumu wazee siku atakapofungua kihenge akakuta vumbi.