Mbwa hana saa, lakini anajua watoto wanarudi lini

Wazazi wengi wenye mbwa nyumbani husimulia jambo lilelile. Robo saa kabla gari la shule halijafika, mbwa huinuka pale alipolala, hujinyoosha, kisha huenda kukaa getini. Hakuna aliyemwita. Jumamosi, watoto wakiwa nyumbani tangu asubuhi, hana habari na geti.

Si muujiza. Mwili wa mbwa, kama wa binadamu, una saa yake ya ndani. Sehemu ndogo ya ubongo hupokea taarifa za mwanga kutoka machoni na kuongoza usingizi, joto la mwili na njaa. Kwa hiyo Mswahili anayehesabu saa zake kuanzia mapambazuko yuko karibu zaidi na mbwa kuliko anayeanzia usiku wa manane. Huku kwetu karibu na ikweta jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, hivyo saa hiyo haiyumbi sana. Ndugu zetu walioko Ulaya, ambako saa husogezwa kila Machi na Oktoba, huona vituko: binadamu wamebadilisha saa ya ukutani, mbwa bado yuko mbele ya bakuli kwa saa ya zamani.

Juu ya hiyo saa ya ndani kuna alama za nje: adhana ya alasiri, sufuria ikibandikwa jikoni, mlio wa pikipiki ya jirani anayerudi kazini. Mbwa huziunganisha moja baada ya nyingine. Mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov, anakumbukwa kwa mbwa waliodondokwa na mate wakisikia ishara ya chakula. Lakini katika maabara yake mbwa walilishwa pia kila baada ya dakika 30 bila ishara yoyote. Walipozoea, mate yalianza kutoka dakika ya 30 ilipokaribia, hata chakula kisipoletwa.

Je, mbwa anajua ameachwa peke yake kwa muda gani? Mwaka 2011 watafiti Therese Rehn na Linda Keeling wa Chuo Kikuu cha Sayansi za Kilimo cha Uswidi walichapisha utafiti wa mbwa 12 walioachwa nyumbani kwa nusu saa, saa mbili na saa nne. Walioachwa saa mbili walimpokea mwenyewe kwa shangwe kubwa zaidi kuliko wa nusu saa. Kati ya saa mbili na saa nne, tofauti haikuonekana. Watafiti wenyewe walikuwa waangalifu: huenda mbwa alihisi muda ukipita, au huenda alikumbuka tu pale mlango ulipofunguliwa. Alexandra Horowitz wa Marekani ana wazo jingine, kwamba mbwa huupima muda kwa pua, harufu ya aliyeondoka ikizidi kufifia. Ni wazo zuri linalosubiri kuthibitishwa.

Kwa mzazi, haya yote huja kuonekana shule zinapofunguliwa. Mwezi mzima watoto walikuwa nyumbani, mbwa akichezewa kutwa. Jumatatu moja nyumba inabaki kimya. Anabweka, anakwaruza mlango, anatafuna kiatu. Jioni anachapwa. Hapo ndipo wengi hukosea, kwani kumpiga saa kumi na moja jioni kwa kiatu kilichotafunwa saa nne asubuhi hakumfundishi chochote. Na ile sura ya kujuta? Horowitz huyohuyo alionyesha mwaka 2009 kwamba mbwa huitoa anapokaripiwa, awe amekosa au hajakosa.

Dawa ni kuanza mapema. Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, chakula na matembezi virudi kwenye saa za siku za shule. Aachwe peke yake nusu saa, kesho yake saa moja, kisha mbili. Watoto nao wapewe zamu ya kumwekea maji, mtu mzima akiwa karibu. Wakisahau, mwenye kiu atawakumbusha.

Kuna saa nyingine isiyofaa kuchezewa kabisa. Mbwa wa ulinzi hushinda bandani na kufunguliwa usiku, tuseme saa tatu. Akishaizoea saa hiyo, uwanja ni wake. Siku akifunguliwa mapema huku mtoto ametumwa dukani, au mgeni yuko nje akiongea na simu, yanaweza kutokea makubwa. Kila mtu nyumbani, dada wa kazi na watoto wakiwamo, aijue saa ya kumfungulia, na anayefungua awe mmoja. Wakati wa kula pia mtoto asimsogelee.

Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Chanjo ya mbwa isirukwe.

Mbwa akizeeka, saa yake yenyewe inaweza kuharibika. Analala mchana kutwa, kisha saa nane usiku anazunguka uwanjani akibweka ukuta, au anasimama kwenye kona kama aliyepotea. Wengi hudhani amekuwa mkorofi, au wanazungumzia majini. Mara nyingi ni ubongo uliochoka kwa umri, na wakati mwingine ni maumivu au macho yanayofifia. Daktari wa mifugo aitwe amtazame, fimbo ibaki ilipo.