Kidoli ‘amelala’ au ‘kimelala’? Mtoto naye ana hoja

Juma lililopita mjukuu wangu wa miaka saba alinijia na daftari lenye alama nyekundu. Darasa lao lilikuwa limeagizwa litunge sentensi tano kuhusu vitu vya kuchezea. Sentensi yake ya tatu ilisema: “Kidoli changu amelala.” Mwalimu alikata ‘amelala’ akaandika juu yake ‘kimelala’. Mtoto hakulia wala hakubishana. Aliniambia tu kwamba hataandika tena habari za Bibi Tatu, ndilo jina la kidoli chake, kwa sababu, “Babu, mwalimu amesema si mtu.”

Mama yake alitaka nitoe uamuzi. Nikasema upesi kwamba mwalimu hakukosea: kidoli, vidoli, ngeli ya KI-VI, kidoli kimelala. Ningekomea hapo, lakini jambo lenyewe lilinikera usiku kucha.

Kwanza, tuulize iwapo mtoto angeandika ‘mwanasesere’ badala ya kidoli. “Mwanasesere wangu amelala” ingepata vema bila swali, maana shuleni tunaliweka neno hilo katika ngeli ya A-WA. Kitu ni kile kile, matambara na pamba. Jina moja linakipa uhai, jingine linakinyima. Tena Kiswahili chenyewe hakifuati umbo la nomino kila mara. Kiboko na kifaru vina kiambishi ki-, lakini hakuna asemaye ‘kiboko kimelala’ ila kwa kumdunisha. Kiongozi na kipofu vivyo hivyo. Uhai hushinda umbo.

Tazama pia lile ‘changu’. Kuna watakaodai kwamba mtoto amechanganya mambo, kwani angeamua moja: ‘kidoli changu kimelala’ au ‘kidoli wangu amelala’. Lakini sisi sote husema ‘rafiki yangu amelala’ na ‘ndugu yangu amefika’, kimilikishi kikifuata umbo la jina na kitenzi kikifuata uhai. Sidhani mjukuu wangu alilipanga hilo. Hata hivyo, muundo alioutumia upo katika lugha, hakuutoa hewani.

(Kwa wapenzi wa asili ya maneno: ‘bandia’, neno tunalolitumia leo kwa noti na dawa za kughushi, ni jina la zamani la mwanasesere wa matambara. Ndiyo maana baadhi ya wazee wa pwani husema ‘mtoto wa bandia’. Tumelitoa neno kwenye mkeka wa watoto tukalipeleka kwa matapeli.)

Kilichonisaidia kufikiri ni kitabu cha picha ambacho humsomea mtoto huyo, nikikitafsiri papo hapo kutoka Kiingereza. Kinaitwa Galimoto. Kiliandikwa na Karen Lynn Williams, picha zikachorwa na Catherine Stock, kikachapishwa Marekani mwaka wa 1990. Hadithi yake iko Malawi. Mvulana aitwaye Kondi anataka kuunda gari la waya. Kaka yake anamcheka. Kondi anashinda akizunguka kijijini akitafuta vipande vya waya, na usiku unapoingia gari liko tayari, watoto wanacheza nalo kwenye mbalamwezi. Jina ‘galimoto’ ni la Kichewa, na Mswahili ataisikia ‘gari’ humo ndani mara moja. Sisi nasi gari tulilipata kwa Wahindi. Wengi wetu tuliokulia mashambani hapa Kenya tuliziendesha gari kama hizo, ngurumo za injini zikitoka midomoni mwetu.

Ninachokipenda zaidi ni mwisho wake. Kondi anapolala anawaza kwamba kesho waya zile zile huenda zikawa ambulensi, ndege au helikopta. Waya hazibadiliki. Kinachobadilika ni jina.

Jambo hilo lilimshughulisha mwanasaikolojia wa Urusi, Lev Vygotsky, katika mhadhara wake wa 1933 kuhusu mchezo wa watoto. Alieleza kwamba mtoto anayepanda kijiti na kukiita farasi anaanza kutenganisha maana ya neno na kitu chenyewe. Mtoto mchanga huona farasi na neno ‘farasi’ kama jambo moja. Kijiti ndicho kinachomsaidia kuvichomoa. Lakini si kila kitu kinafaa. Kadi ya posta, alisema Vygotsky, haiwezi kuwa farasi, maana haipandiki.

Kwa maoni yangu, mtoto wa Kiswahili ana chombo cha ziada katika kazi hiyo, nacho ni upatanisho wa kisarufi. Nilimsikiliza mjukuu wangu kwa siku tatu. Anapocheza, Bibi Tatu ‘anakula’, ‘anakasirika’, ‘ana homa’. Ijumaa mkono wa kidoli ulichomoka, akaja mbio: “Babu, kidoli kimeng’oka mkono, kishone!” Nilipomaliza kushona alikipakata, akasema, “Asante, amepona.” Kwa hiyo kanuni ya KI-VI anaijua barabara. Anaitumia kitu kinapokuwa kitu.

Ningekuwa mwalimu wake, nisingeifuta ‘kimelala’. Mtihani utaidai, na mtoto asiyeijua ataumia. Ila ningeandika pembeni swali moja: je, hapa unacheza au unaeleza? Mtaala wetu wa umilisi unautaja ubunifu miongoni mwa umilisi wa kimsingi, na sijui tutauona wapi kwa mtoto wa umri huo kama si kwenye kiambishi hicho kimoja.

Nyumbani nilijaribu kumtafutia njia ya katikati. Watoto wetu wana neno la kufungulia mchezo: “Eti wewe ni makanga, mimi ndio dereva.” Kamusi husema ‘eti’ huonyesha shaka au maneno ya kusikia, kwao ni makubaliano. Basi nikamshauri aongeze neno hilo mwanzoni, mwalimu aelewe: “Eti kidoli changu amelala.”

Aliniangalia kwa huruma. “Babu, eti husemwa kabla ya kuanza. Yeye ashalala.”