Betri Haikai Chaji: Uchakavu wa Elektrodi za Lithiamu

Makala hii inanuia kueleza kwa nini betri ya lithiamu, iliyomo katika simu, taa za sola na pikipiki za umeme, hupungukiwa na uwezo kadiri inavyotumiwa. Awe Diani au Msambweni, mwenye simu ya aina hiyo husema ama "betri imekufa" ama "betri haikai chaji". Aghalabu kauli hizi huchukuliwa kuwa sawa. Hata hivyo, ya kwanza humfanya mtumiaji akate tamaa na kununua nyingine. Ya pili humwelekeza kwenye chanzo cha tatizo.

Betri hii ina elektrodi mbili: anodi, ambayo kwa kawaida ni grafaiti (nchini Tanzania huitwa madini ya kinywe), na kathodi, ambayo ni mchanganyiko wa lithiamu, metali nyingine na oksijeni. Kati yake mna elektroliti. Betri inapochajiwa, ioni za lithiamu hutoka kathodi na kuingia anodi, inapotumiwa, hurejea. Ni mithili ya abiria wa kivuko cha Likoni wanaovuka asubuhi na kurudi jioni. Uwezo wa betri hutegemea idadi ya abiria hao pamoja na nafasi za kuwapokea.

Upungufu huanza katika chaji ya kwanza. Elektroliti inapokutana na anodi iliyojaa lithiamu, huvunjika na kujenga utando mwembamba. Utando huu una manufaa, kwani huikinga elektroliti isiendelee kuharibika huku ukiruhusu ioni kupita. Hata hivyo, umejengwa kwa lithiamu, na lithiamu hiyo hairudi tena safarini. Isitoshe, grafaiti hutanuka kwa takribani asilimia 10 inapojaa na kunywea inapotoka chaji. Utando hupasuka, sehemu mpya ya anodi huwa wazi, na utando mwingine hujengwa kwa lithiamu zaidi. Kathodi nayo hutanuka na kunywea. Chembe zake hufanya nyufa na baadhi yake hupoteza mgusano wa umeme.

Hasara ya kila mzunguko ni ndogo, ila hulimbikizana. Ikiwa kila mzunguko huhifadhi asilimia 99.9 ya uwezo uliotangulia, baada ya mizunguko 500 hubaki takribani asilimia 61 tu. Ikiwa huhifadhi asilimia 99.99, hubaki 95. Haba na haba hujaza kibaba, hapa huufukuza.

Kwale ina nafasi yake katika maelezo haya. Kuanzia 2013 hadi 2024, kampuni ya Base Titanium ilichimba humo ilmenaiti, rutile na zirkoni. Madini ya titani hutumiwa zaidi kutengenezea rangi nyeupe, lakini oksidi ya titani huweza pia kuunganishwa na lithiamu ikawa anodi. Anodi hiyo hubadilika ujazo kwa chini ya asilimia 1, na volteji yake haichochei sana ujenzi wa utando. Hivyo hudumu kwa maelfu ya mizunguko. Kasoro yake ni kwamba huhifadhi chini ya nusu ya chaji inayohifadhiwa na grafaiti ya uzito uleule.

Kwa mkazi wa pwani, adui mkubwa ni joto, kwa sababu huharakisha ujenzi wa utando. Simu iliyojaa chaji na kuachwa juani huchakaa hata kama haitumiki. Inafaa basi iwekwe kivulini, na isiachwe ikiwa imejaa kabisa kwa muda mrefu.

Kwa kuhitimisha, betri ya namna hii haifi ghafla. Lithiamu yake hunaswa kidogo kidogo. Kauli "haikai chaji" yakaribia ukweli huo wa kisayansi. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta istilahi za sayansi hana budi kuanza na vitenzi ambavyo wasemaji wanavyo tayari.